Tangi Limejaa

Ijumaa, saa kumi jioni.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Hakina dirisha, kinanuka mpira na jasho. Tarishi alichora sakafuni kwa chaki: duka la sonara, barabara, gati. Jina hilo lilimganda tangu enzi alipokuwa akipeleka barua za ofisi moja, mpaka siku alipoondoka na sefu yao.

"Kesho saa tano sonara anapokea dhahabu. Tunaingia, tunabeba, tunashuka gatini. Barabara watazifunga zote. Bahari watafungaje?" Akamgeukia Fundi. "Boti ya tajiri wako itatufikisha bandari ya kaskazini?"

"Itafika."

"Tangi limejaa?"

"Limejaa."

Fundi alidanganya macho makavu. Miaka yote aliyohudumia injini ya boti ile, alikuwa akifyonza petroli ya tajiri na kuiuza pembeni. Ili tajiri asishtuke, aliikwamisha geji. Mshale ulionyesha tangi limejaa, hata likiwa nusu, na kesho lingekuwa nusu. Kumwambia Tarishi ukweli ni kujichimbia kaburi. Jambazi yule aliwachukia wezi kuliko polisi wanavyowachukia. Basi Fundi alishaficha madumu manne ya petroli kwenye stoo ya gatini. Angeyamimina dakika ya mwisho, aseme ni ya akiba.

Pembeni yake alikaa Shemeji, mume wa dada yake, kiatu kikigonga sakafu. Dada alishatangulia kaskazini kwa basi, yeye na wanawe. Kabla ya kupanda alimshika Fundi mkono. "Kaka, nimekuachia mume wangu. Unifikishie mzima." Kwa Fundi, kazi nzima ilikuwa hiyo.

"Na wewe," Tarishi alimwambia Shemeji, "usukani umeuzoea?"

"Fundi kanifundisha."

"Safi. Fundi akila risasi, tusife wote."

Wakacheka. Fundi naye alicheka, bwege mkubwa.

Jumamosi, saa tano.

Sonara alikuwa mzee mwenye kikohozi. Alinyoosha mikono juu bila kuambiwa. Tarishi akampasua kipaji cha uso kwa kitako cha bastola.

"Unampigia nini? Si ameshanyoosha mikono!" Fundi alifoka.

"Funga bakuli lako. Beba."

Shemeji alisomba dhahabu, akaijaza kwenye begi. Kengele ikaanza kulia. Wakatoka mbio. Garini Tarishi alikusanya simu zote, akazitupa mtaroni.

Saa tano u nusu.

Mlinzi wa gati alimpungia Fundi mkono. "Leo mnatalii?"

"Tunajaribu injini tu, mzee wangu."

Boti iliwaka mara moja. Tarishi akaketi na begi mapajani, bastola juu yake.

"Nakimbilia madumu stoo," Fundi alisema.

"Ya nini? Geji hii hapa, limejaa."

"Ya akiba. Huko katikati utanunua wapi?"

Tarishi alimtupia Shemeji jicho. "Haya, nenda. Fanya chapuchapu."

Fundi alitoka stoo na madumu mawili, mabega yakimuuma. Kamba ya boti ilikuwa imeshafunguliwa. Ncha yake ilikuwa mkononi mwa Shemeji, na boti ilikuwa ikijitenga na gati.

"Shem! Ningoje!"

Shemeji alimtazama usoni. Aliiachia kamba majini, akaenda kushika usukani.

"Geji mbovu!" Fundi alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Mafuta hayatoshi! Mtaishia katikati!"

Tarishi alicheka, akagonga geji kwa mdomo wa bastola. "Kamdanganye mama yako!"

Boti ikashika njia ya kaskazini.

Ving'ora vilisikika barabarani. Nyuma ya stoo palikuwa na tundu la ua, lile alilopitishia petroli ya wizi miaka yote. Hatua chache tu, angeingia mitini na asionekane tena. Alifika. Akainama. Moyo ulimwambia waache wafe, wakanywe maji ya chumvi na dhahabu yao. Aliwachukia wote wawili, Shemeji zaidi. Kule katikati injini ingekohoa, ikome, kisha mkondo uwasukume mbali na kila njia ya meli. Hakuna ambaye angewatafuta huko. Na dada angekuwa amesimama gatini kaskazini na watoto wake, akiangalia maji.

Aliinuka. Akarudi, akaketi juu ya dumu, mikono kichwani.

"Wenzako wako wapi?" askari aliuliza, bunduki ikimwelekea.

"Wameelekea kaskazini. Hawafiki, afande. Tangi lilikuwa nusu. Tumeni boti sasa hivi, watapotea."

"Unatuzuga."

"Geji niliiharibu mwenyewe. Petroli nilikuwa naiiba mimi. Madumu haya ndiyo yangewafikisha."

Askari aliyatazama madumu, akamtazama yeye. "Wamekutosa, halafu unawaombea uokoaji?"

"Mmoja ni mume wa dada yangu."

Askari akaita kwenye redio. Boti ya doria ikatoka kwa kasi, na pingu zikafungwa. Fundi aliifuata kwa macho mpaka ikawa ndogo. Alijua yatakayosemwa. Shemeji angeletwa na pingu, angekula miaka yake, na kila siku ya kumtembelea gerezani angemwambia mkewe habari moja: kaka yako ndiye aliyetuuza. Kuhusu kamba asingesema. Na dada angemwamini mumewe.

"Mzima lakini," Fundi alisema.

"Unasemaje?"

"Sisemi kitu, afande."