Sahihi Chini ya Karatasi Tupu

Saa nne asubuhi simu ilitetemeka mfukoni.

"Fundi, bomba linavuja ghorofa ya tatu."

"Nipo ngazini."

"Ukichelewa, saa sita nyumba nzima itaelea."

Jasusi aliyeitwa Bisibisi akairudisha Nokia mfukoni, akampisha mtu wa helmeti nyekundu aliyekuwa akishuka mbiombio, kisha akapanda.

Maana ya bomba aliijua: amri za Jenerali zilikuwa zikivuja kutoka gerezani. Jenerali alikuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa makosa ya vita. Wapiganaji wake mia tatu, waliokusanywa kambini ili wakabidhi silaha, hawakutii redio wala simu. Walitii sahihi yake tu. Leo saa sita walingoja karatasi ya kuwaamuru wavunje ghala la silaha. Isipofika, wangejua mjumbe kanaswa, na wangelivunja vilevile.

Barua zote za gerezani zilisomwa. Hakuna aliyejua amri zilipita wapi.

Mlango ulifunguliwa na daktari wa meno mstaafu. Mzee huyu alikusanya sahihi na barua za viongozi wa vita waliohukumiwa, kama wengine wanavyokusanya stempu. Bisibisi akamwamkia, akajitambulisha kuwa mkusanyaji mwenzake. Mzee akachangamka kama aliyeletewa posa. Akasema yeye hana siasa. Zamani aling'oa meno, siku hizi anang'oa sahihi.

Albamu zikafunguliwa mezani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na karatasi nyeupe, tupu kabisa. Sahihi ilikuwa chini, pembeni.

"Mbona imekaa huku chini, mzee?"

"Juu unabandika picha, mwanangu. Mwenzangu wa kubadilishana ndiye aliyenifundisha. Kila mwezi nampelekea Jenerali karatasi kumi. Askari wa gereza wanazipitisha. Wasome nini? Hazina neno."

Mwenzake huyo ndiyo kwanza ametoka, mzee akaongeza. Aliazima taipureta kama kawaida yake, akapiga barua huku chai ikichemka.

"Ana helmeti nyekundu. Hamkupishana?"

Walipishana.

Bisibisi akafunua ukurasa mmoja nyuma. Hapo palikuwa na amri ya wakati wa vita, mistari miwili. *Mtaa wa Reli usafishwe kabla ya jua kuchomoza.* Chini, sahihi ileile.

Mtaa wa Reli, nyumba ya nne, mlango wa kijani. Humo waliishi mama yake na dada yake.

"Hiyo ndiyo roho ya mkusanyo wangu," mzee alisema. "Tazama wino, bado mweusi."

Bisibisi alitazama wino. Alingoja kitu kije kifuani. Hakikuja. Alisikia tu birika likipoa jikoni.

"Naomba taipureta," alisema. "Na hiyo tupu."

Mzee akaanza kukataa. Akaiona bastola ya Browning, akakaa.

Dakika mbili za kupiga taipureta.

Bisibisi alipoondoka, ukurasa wa amri nao ulikuwa umebaki mtupu.

Pikipiki yake ya Yamaha ilikata mitaa kama mkasi. Helmeti nyekundu aliikuta kwenye kivuko cha reli, imezuiwa na treni ya mizigo. Mabehewa arobaini. Akasogea nyuma yake, akamgusa ubavu kwa mdomo wa bastola.

"Shuka polepole, kaka. Usinichafulie shati."

Kaka alishuka. Gari la ofisi, ambalo Bisibisi aliliita njiani, lilikuwa limeshafika kumchukua.

Saa sita kasoro dakika nane, helmeti nyekundu iliingia kambini. Ndani yake palikuwa na kichwa kingine.

Kamanda wa wapiganaji aliinua karatasi juani. Akaichunguza sahihi, akaisugua kwa kidole. Herufi zilikuwa za taipureta ileile ya siku zote. Akawasomea watu wake:

"Kabidhini silaha zote leo. Kila mmoja arudi kwa mama yake."

Watu mia tatu wakamgeukia kamanda.

"Ni yeye," kamanda akasema, akaweka bunduki yake chini.

Nyingine zikafuata, moja moja.

Bisibisi aliivua helmeti nje ya lango, akaitundika kwenye mlingoti. Simu ikatetemeka.

"Kazi safi, Fundi. Ila hilo la mama halikuwemo kwenye maagizo."

Bisibisi alikuwa ameitoa ile amri ya Mtaa wa Reli. Akaikunja mara nne, kitu ambacho mkusanyaji hafanyi kamwe.

"Karatasi ilikuwa na nafasi," alisema.

Akakata simu, akawasha pikipiki.