Pua ya Chiriku

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alikuwa na kazi aliyopewa na shangazi yake: kumpitishia mdogo wake kijiti chenye pamba puani, kukitia kwenye kichupa na kukifunga. Shangazi alikuwa mtafiti wa virusi vinavyobana vifua vya watoto, na nyumba nyingi za mtaa ule zilimsaidia vivyo hivyo.

Ila mdogo wake, Bonge, alikuwa na meno. Akiona kijiti tu, anauma. Chiriku alichoka kuumwa, akaanza kujipitishia puani mwake mwenyewe. Pua ni pua, alijiambia, nani atajua?

Kisha Bonge akabanwa kifua, akalazwa. Hospitali ikakikuta kirusi, ilhali vichupa vya nyumbani vya wiki ileile vilionyesha mtoto mzima kabisa.

Jioni shangazi alirudi amenyong'onyea. Mpimaji wa maabara alikuwa amesimamishwa kazi. Mkuu wao alidai amechanganya vichupa. Hata kuulizwa hakuulizwa.

"Ndivyo walivyo wakubwa," alisema baba, aliyewalea peke yake tangu mama yao afariki. "Kitu kikiharibika, wanatazama chini tu kutafuta wa kumtwika."

Chiriku akalirudisha tonge sahanini. Mpimaji yule ndiye aliyemfundisha kushika kijiti. Baba, aliyezoea porojo zake mezani, akamtania kwamba leo redio imeishiwa betri. Chiriku hakucheka.

"Shangazi," alisema mwishowe, "vichupa havikuchanganywa. Pua ilikuwa yangu."

Shangazi hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alimpigia mkuu simu palepale. Kesho yake mpimaji akarudishwa. Mkuu hakumwomba radhi; alituma ujumbe tu kwamba aje kazini. Aliyeomba radhi ni Chiriku, mlangoni mwa maabara, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Nilifika mahali nikaanza kujishuku mwenyewe," mpimaji alimwambia taratibu. "Angalau umenirudishia akili zangu."

Bonge alipotoka hospitali, shangazi alimkalisha Chiriku.

"Ungeniambia anauma, ningeandika kwamba leo hatukupima, basi. Kichupa kitupu hakimdhuru mtu, mwanangu. Chenye uongo ndani kinamfukuzisha mtu kazi, na kinaweza kutupotosha tukawatibu vibaya watoto wa watu."

Asubuhi iliyofuata Bonge akauma tena. Chiriku akampelekea shangazi kichupa kitupu, kidole kikimuuma.

"Leo ameshinda yeye," akasema.

Shangazi akakipokea kama kimejaa.