Nisubiri Hapa, Nakuja

Haya yalimpata Oriella Zanardi, jirani yetu hapa Ferrara, mwanamke asiyekuwa na habari na mizimu. Kwa miaka kumi na mmoja aliwatembeza wageni mjini kwa baiskeli: ngome, kanisa kuu, kichochoro cha matao, kisha juu ya ukuta wa kale unaouzunguka mji.

Asubuhi ile ya Novemba alikuwa na wageni sita. Ukungu uliwakuta wangali ngomeni, ukashuka mpaka minara ikapotea. Hilo halikumtisha, ukungu wa huku tumekua nao. Aliwapanga mstari mmoja, akawaambia kila atakapopiga kengele yake nao wapige zao, mmoja baada ya mwingine, ili ajue hakuna aliyebaki nyuma. Walipofika kanisa kuu alipiga. Zikajibu sita.

Kwenye kichochoro cha matao zikajibu sita. Halafu, nyuma kidogo, ikalia ya saba. Ilikuwa na sauti ya kukwaruza, kama kengele iliyoingia maji.

Alijiambia ni mpita njia. Mji huu hata bibi harusi anaweza kwenda kanisani kwa baiskeli.

Wakapanda ukutani. Miti haikuonekana, ila matone yake yalisikika yakidondoka. Akapiga. Akahesabu kwa vidole juu ya usukani. Saba.

Akasimama. Mzee Tassinari, mstaafu wa Mantova aliyekuwa wa mwisho mstarini, akamsogelea na kuinamisha kichwa.

"Binti, yule mama aliye nyuma yangu anatetemeka. Mtafutie hata mtandio."

"Mama yupi?"

"Mwenye koti la kijani. Nimemwambia asogee mbele, hataki. Anasema wewe ulimwambia asubiri."

Oriella hakugeuka. Hakuweza.

Kwa sababu ni kweli alimwambia. Miaka mitatu nyuma, katika ukungu kama ule, Bi Delfina Orsatti, mjane wa miaka sabini, alikatikiwa mnyororo juu ya ukuta huohuo. "Nisubiri hapa, nakuja kukuchukua," Oriella alimwambia, akaondoka na wenzake waliokuwa wakilalamika njaa. Mezani kulikuwa na joto, na mvinyo, na vicheko. Alimkumbuka baada ya saa moja na nusu. Bi Delfina alikuwa amechoka kungoja, akaanza kuitafuta njia mwenyewe, akatumbukia kwenye handaki la maji chini ya ukuta, akafa maji. Polisi walipouliza, Oriella alisema mama yule alikuwa mkaidi, kwamba aliaga mwenyewe akadai anaijua njia.

Matembezi yale yalikuwa zawadi kutoka kwa binti wa Bi Delfina, Ilaria. Na kila Krismasi Ilaria alimwandikia Oriella kadi, akimshukuru kwa kuwa mtu wa mwisho kumtendea mama yake wema. Kadi tatu. Oriella hakuzijibu, wala hakuthubutu kuzitupa.

Alimwomba mzee Tassinari awateremshe wenzake mkahawani kwa Nives, hapo chini tu. Yeye akarudi peke yake, akiikokota baiskeli, mpaka pale mnyororo ulipokatikia.

"Ni mimi," alinong'ona. "Sikurudi."

Hakukuwa na koti la kijani. Alingoja. Matone yakadondoka. Akangoja tena, mpaka vidole vikafa ganzi, ndipo akashuka.

Mkahawani wageni walikuwa wameshakula. Nives akamvuta pembeni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba aliandaa sahani saba, sita za wageni na moja ya Oriella, lakini mwenzao mmoja aliyechelewa aliketi kwenye nafasi yake Oriella, akala, akatoka bila kumuaga mtu. Oriella akatazama. Tambi za boga zilikuwa zimeisha, sahani imepanguswa kwa mkate mpaka inang'aa. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Katikati ya ukindu uliosukiwa kiti hicho yalikuwa yamenasa majani membamba ya handakini.

Alasiri hiyohiyo alimpigia Ilaria simu, akamweleza yote, bila kupunguza neno.

"Miaka mitatu najilaumu kwa ile zawadi," Ilaria alisema. "Na wewe unasoma kadi zangu."

Akakata.

Oriella alikwenda polisi akaandikisha maelezo mapya. Kazi aliiacha. Alidhani sasa yamekwisha. Lakini kile kiti hakikukauka. Nives alikiweka kando ya tanuri majira yote ya baridi; Julai ilipoingia akakianika uani juani. Kila aliyekigusa aliondoka akijifuta mkono.

Agosti, Ilaria alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliomba aonyeshwe kiti, akakaa, mikono magotini, kwa muda mrefu. Oriella alisimama mlangoni, hathubutu kuvuka kizingiti.

Ilaria alipoinuka, sketi yake nyeupe ilikuwa kavu kabisa. Akapita bila kumtazama.

Oriella akasogea. Akaweka kiganja pale pale alipokaa mwenzake. Maji yakapanda katikati ya vidole vyake, taratibu, baridi kama ya Novemba.