Kiyoyozi cha Sita

Siku ile walikuwepo watatu. Fundi umeme, ambaye kazini wote walimwita Dada Fundi. Mama wa usafi. Na msimamizi wa jengo, aliyebandikwa jina la Chapchap kwa sababu kwake kila kazi ilitakiwa iwe imeisha jana. Wa nne, wengine wanamhesabu, wengine hawamhesabu.

Jua lilikuwa linazama Dada Fundi alipoingia chumba cha swichi, ghorofa ya chini. Alishusha kishikio cha swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye viyoyozi vyote vya juu ya paa. Akafunga kufuli lake mwenyewe, ufunguo akautia mfukoni. Ndiyo sheria ya mafundi: aliyefunga ndiye afunguaye. Kufuli la mwenzako huligusi, hata kama unaona amechelewa, hata kama bosi anafoka. Ukilivunja, umemvunja mtu aliye juu kule ameshika waya.

"Mpaka saa ngapi?" Chapchap aliuliza. "Wateja dukani wanatoka jasho kama wapishi."

"Mpaka nishuke."

"Marehemu kaka yako naye alikuwa mzito hivihivi."

Dada Fundi alivaa tochi yake ya kichwani. Hasira ilikuwa imemkaa kooni mwezi mzima kama mwiba wa samaki. Kaka yake alikutwa amekufa juu ya paa lile, alikokuwa akiunganisha kiyoyozi cha sita. Taarifa aliyoiandika Chapchap ilisema marehemu alisahau kuzima umeme. Kufuli lake halikuonekana. Na kwa waliotaka maneno zaidi, Chapchap alinong'ona kwamba paa lina mwenyewe, jini linalotaka fundi mmoja kila mwaka.

Kaka yake asahau? Mtu ambaye nyumbani habadilishi taa ya choo kabla hajazima swichi na kurudi kuihakikisha. Watoto wake walikuwa wanaambiwa shuleni kwamba baba yao alijiua kwa uzembe. Ndiyo maana Dada Fundi aliomba kazi hii mwenyewe. Alitaka kuona kwa macho yake.

Mama wa usafi alikuwa anafagia mlangoni, mahali alipokwisha kufagia mara mbili. "Nenda mwanangu," alisema. "Mimi nipo hapahapa na ufagio wangu."

Dada Fundi alielewa analindwa. Akapanda ngazi moyo ukiwa umelainika kidogo.

Juu, paa bado lilikuwa na joto la mchana. Viyoyozi vitano vimenyamaza kama ng'ombe waliolala. Alifungua kifuniko cha kiyoyozi cha sita, akawasha tochi ya kichwani.

Nyaya za kaka yake zilikuwa zimenyooka, zimefungwa vizuri, kila ncha ina kipande cha utepe chenye mwandiko wake. Kazi ya mtu makini. Machozi yalimtoka, na nyuma ya machozi hasira.

Aligusa nyaya kwa testa, bisibisi ya kupimia umeme. Hakuna umeme. Akaanza kukaza skrubu.

Giza liliingia taratibu...

Kwanza ilikuja harufu. Plastiki iliyoungua. Kisha harufu nyingine chini yake... nywele.

Tochi ilififia.

"Toa mkono."

Aligeuka. Ng'ambo ya kiyoyozi kulikuwa na mtu amechuchumaa, amempa mgongo.

"Nani wewe?"

"Toa mkono, mdogo wangu."

Duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo.

Alitoa mkono.

Cheche moja ya buluu iliruka pale vidole vyake vilipokuwa. Feni ilijizungusha robo mzunguko... ikasimama. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango na mwingine akausukuma ukajifunga.

Halafu, kutoka chini kabisa, kikapanda kilio.

Ng'ambo ya kiyoyozi hapakuwa na mtu.

Dada Fundi alishuka ngazi tatu tatu. Ghorofa ya pili alikutana na mama wa usafi, anahema. "Chapchap amenituma nikafute maji yaliyomwagika huku juu. Hakuna maji, mwanangu. Hakuna hata tone."

Katika chumba cha swichi Chapchap alikuwa amepiga magoti. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kishikio, na kishikio kilikuwa chini, kimezimwa. Sakafuni kulikuwa na mkasi wa kukatia chuma, na kufuli limekatwa vipande viwili.

"Mwambie aniachie," alinong'ona. "Nilikipandisha, akanishusha mkono. Anaunguza."

Hapakuwa na mtu karibu yake. Lakini harufu ya nywele ilikuwepo.

Dada Fundi aliliangalia kufuli lake. Alitamani kufunga mlango na kumwacha humo.

"La kaka yangu pia ulilikata hivi?"

Chapchap aliangalia sakafu.

"Nakuuliza. Ulilikata?"

"Wateja walikuwa wanalalamika joto... Nilidhani amemaliza. Nikalitupa kwenye pipa la taka."

"Na jini?"

"Hakuna jini. Nilisema tu."

Mama wa usafi aliweka mkono begani mwa Dada Fundi. Mkono ule ndio uliomzuia asiokote mkasi.

"Kaka," Dada Fundi alisema polepole, kwa hewa tupu. "Mwachie. Nimemsikia mimi, na mama naye amemsikia."

Mkono wa Chapchap ulianguka kama kitambaa.

Daktari alisema ni umeme. Huenda. Lakini kishikio kile ni cha plastiki, na jeraha lilizunguka kifundo cha mkono, alama nne upande wa juu na moja upande wa chini. Dada Fundi alizihesabu, asibishane na daktari.

Kesho yake Chapchap aliandika upya taarifa ya kifo cha kaka, akaisaini kwa mkono wa kushoto.