Jua Likishuka Moyoni

"Rudisha tena," baba alisema. "Nataka kuliona hilo ziwa lako linavyokata kiuno."

Watu wakacheka. Qimatsho, mtaalamu kijana aliyetumwa na ofisi ya mjini, akabonyeza kitufe cha kompyuta kwa mara ya tatu. Kwenye shuka jeupe tulilolitundika kati ya nguzo mbili za nyumba yetu, ziwa lililo juu ya kijiji likavimba, likanywea, likawa jeupe, likavimba tena. Miaka tisa ya picha za setilaiti ikapita kwa sekunde ishirini.

"Limekua mara tatu," Qimatsho alisema. "Kinachozuia maji yasishuke ni barafu na mawe tu. Siku vikiachia, kijiji hiki cha Sangdeh hakipo. Tunawaomba mhamie kule upande wa juu wa barabara kabla ya kiangazi."

"Mbona mwishoni limekuwa dogo?" shangazi Savsan aliuliza.

"Picha ya mwisho ni ya Februari, shangazi. Limeganda."

"Basi limepona."

Wakacheka mpaka wengine wakaweka vikombe chini. Mimi nilikuwa kando ya jiko namimina shirchoy, chai yetu ya maziwa na chumvi, macho yangu kwenye birika. Kila mtu pale ndani alijua kwa nini simtazami Qimatsho. Mwezi uliopita alimtuma mjomba wake kutoka mji wa Khorog aje kuniposa kwa niaba yake, na baba akajibu kwamba tusubiri siku ya picha.

Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Baba akaegemea mkongojo wake. "Kijana, mjomba wako nilimwambia binti yangu ataolewa na mtu ambaye neno lake linaaminika. Nimetazama mara tatu. Wewe ni mpole, na chakula chetu unakila vizuri. Lakini watu themanini wahame nyumba za babu zao kwa ajili ya ziwa linalopumua? Hapana. Na lile jambo lingine, jibu ni hilohilo."

Qimatsho akakunja shuka lake. Alilikunja vibaya, pembe hazikukutana.

Saa moja baadaye simu yangu ikatetemeka.

"Gari linanichukua kesho saa nne asubuhi. Nisamehe, Zarangez. Nilifikiri picha zikiwa nyingi wataelewa."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikatuma: "Njoo kwa shangazi sasa hivi. Beba kompyuta."

Shangazi Savsan alitufungulia, akakaa mlangoni na sufu yake ya kusokota.

"Mimi sisikii," alisema. "Semeni kwa sauti."

Nikamwuliza Qimatsho, "Picha ziko ngapi?"

"Mia mbili na kumi. Kila siku ambayo setilaiti ilipita na mawingu hayakuwepo."

"Za baridi na za joto, zote?"

"Zote. Nimezipanga kwa tarehe. Kumi zinapita kila sekunde."

"Zitoe."

"Zipi?"

"Karibu zote."

Akanitazama kama nimemwambia avue viatu kwenye theluji. "Zarangez, hizo ni kazi ya miezi minane. Nikibakiza chache, ofisini watasema nimeficha zinazonipinga."

"Hufichi. Unampima mtoto leo amevaa koti na buti, kesho umempima peku, halafu unashangaa watu wakisema hakui. Mpime kila mwaka siku ileile, hali ileile."

Shangazi akasahau kwamba hasikii. "Huyu ni Zarangez wetu kweli? Aliyeishia darasa la nne, hata kuagiza chumvi dukani anatuma mtoto wa jirani?"

Uso ukanichoma, lakini nikamgeukia Qimatsho. "Siku gani ya mwaka ziwa linajaa kabisa na anga liko wazi?"

"Wiki ya kwanza ya Agosti, kwa kawaida."

"Jua likishuka moyoni," nikasema.

Qimatsho alikulia mjini, hesabu hiyo hakuijua. Nikamweleza. Kila alfajiri baba hukaa kwenye jiwe lake akitazama jua linachomozea wapi mlimani. Kwa wazee wetu jua huupanda mwili wa mtu: mwanzo wa machipuo liko kwenye ukucha wa mguu, kisha goti, kisha kiuno, mpaka utosini. Halafu linashuka. Likishuka mpaka moyoni, baba hutangaza, na kijiji huanza kukata nyasi. Hajawahi kukosea, na hakuna anayembishia.

"Nipe picha za siku hizo tu," nilisema. "Moja kwa kila mwaka."

Akatafuta. Zilikuwa tisa. Akazipanga, akaziendesha. Zikapita upesi, kabla hata sijavuta pumzi.

"Zinakimbia."

"Nikae sekunde ngapi kwenye kila moja? Mbili? Tatu?"

"Usikae wewe. Kila picha isimame mpaka mtu abonyeze. Na atakayebonyeza ni baba."

Qimatsho akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Atanipiga na mkongojo."

"Akikupiga, utakuwa umekaa karibu naye. Anza."

Asubuhi nilimwekea baba kompyuta mbele ya chai yake. Qimatsho alisimama karibu na mlango, begi mgongoni. Shangazi alikuja kuazima ungo, hakuuchukua, akakaa.

"Nini tena?" baba alisema. "Dansi limeongezwa?"

"Baba, bonyeza hapa mwenyewe," nilisema. "Ukimaliza kutazama ukasema hapana, sitafungua mdomo tena. Lakini utazame zote."

"Hizi ni za lini?"

"Kila moja ni ya siku uliyotangaza jua limeshuka moyoni."

Mkongojo ukatulia. Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa jiko kujua kama ni la moto.

"Mwaka wa kwanza," Qimatsho alisema.

"Nilivunjika mguu mwaka huo," baba alisema. "Walinishusha kwa farasi kutoka kwenye zizi letu la kiangazi kule ziwani. Na zizi lenyewe ni hili hapa, hiki kidoa." Tangu siku ile hakupanda tena huko, na vijana wetu wote wako Urusi kwa vibarua, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kuliona ziwa. Akabonyeza. "Mwaka huu Savsan alisusa harusi ya kule Dushanbe."

"Sikususa. Sikualikwa."

Akabonyeza tena. Ya tatu. Ya nne akakaa nayo muda mrefu. Ndiyo siku tuliyokata nyasi bila mama, wiki moja baada ya kumzika. Kama picha zingekimbia zenyewe, ile ingempita.

Ya tano. Ya sita. Ya saba, na kidole kikasita hewani.

"Maji yamefika ukutani mwa zizi."

"Ndiyo, mzee," Qimatsho alisema.

Ya nane. Ya tisa. Kidoa hakikuwepo.

Baba akarudi ya kwanza, akaenda ya tisa. Akarudi, akaenda. Akafanya hivyo mara nne, na nje tukasikia gari linapiga honi.

"Zizi lile nililijenga na marehemu baba yangu," alisema. "Kutoka mlangoni mpaka majini ni hatua mia moja na arobaini. Nilizihesabu nikiwa na ndoo mbili, kila siku, majira thelathini ya kiangazi." Akamgeukia Qimatsho. "Kwa nini jana hukunionyesha hivi?"

"Jana sikujua, mzee. Aliyezipanga ni Zarangez."

Baba akanitazama. Sikuinamisha kichwa.

"Ni kweli, Davlatmir," shangazi akamwambia baba. "Nilikuwepo. Sikusikia kitu, lakini nilikuwepo."

Honi ikalia tena.

"Mwambie dereva azime gari," baba akamwambia Qimatsho. "Kisha uite watu. Nitabonyeza mbele yao, na kila mmoja aniambie alikuwa wapi mwaka huo. Tunahama."

Qimatsho hakusogea. "Na lile jambo lingine, mzee?"

"Jana nilikupa jibu moja kwa yote mawili. Leo pia jibu ni moja."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa unga, akachota kidogo, akampaka bega la kulia, kama tunavyowabariki mabwana harusi wote. Unga mwingine ukaangukia kwenye kompyuta, na Qimatsho, ambaye huifuta kutwa, hakuugusa.

Tulioana Agosti, kwenye mahema upande wa juu wa barabara, nyumba mpya zikiwa kuta bila paa. Siku hiyo baba alirudi kutoka kwenye jiwe lake akatangaza jua limeshuka moyoni. Qimatsho, akiwa tayari amevaa kilemba cha harusi, akaleta picha ya kumi.

Baba akabonyeza. Ziwa lilikuwa kubwa kuliko miaka yote. Chini yake, Sangdeh ya zamani haikuwa na moshi hata mmoja.

"Acha nafasi ya kumi na moja," baba alisema, akafunga kompyuta, akaagiza ngoma ipigwe.