Mgeni Aliyekwepa Muthokoi

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Kamene ilikuwa moja. Aliketi kwenye ngazi za nyumba yao mtaani Umoja, ungo mapajani, akichambua vijiwe kwenye mahindi yaliyokobolewa ili mama yake apike muthokoi, chakula chao cha Kikamba. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo. Lakini Jumamosi hiyo vidole vyake vilikwenda mbio na alikuwa akiimba peke yake, kwa sababu oveni ilikuwa inakaribia.

"Niaje, Kamene," alisema Filsan, rafiki yake wa nyumba ya pili, akijibana karibu naye kwenye ngazi. "Leo umeamka na furaha. Kuna nini?"

"Leo akina mama wanatuma pesa za chama. Mwezi ujao zinarudi mara mbili, tunanunua oveni. Utakula mkate wa moto mpaka uchoke."

Filsan alikunja uso. "Mara mbili kwa mwezi mmoja? Mama yangu anauza vitambaa toka nizaliwe na hajawahi kuona faida kama hiyo. Hiyo ni noma."

"Si ni Nguzo," Kamene alijibu. "Nguzo si watu wa mchezo."

Hapo Kamene alisema kweli. Kampuni ya Uwekezaji ya Nguzo ilijulikana, ilikuwa na ofisi kubwa katikati ya jiji, na mabango yake yalionekana kila mahali. Chama cha akina mama kiliitwa Mwethya. Walikuwa wameweka akiba kwa miaka mitatu ili wanunue oveni kutoka kwa fundi mmoja wa Kariobangi, waoke mikate ya kuuza kwenye maduka ya mtaani. Akiba ilikuwa imefika nusu tu ya bei. Ndipo Mbithe, mama yake Kamene, ambaye alikuwa mweka hazina, alipopata ujumbe kwenye simu kutoka kwa Bwana Musau, afisa wa Nguzo.

Bwana Musau alikuwa mtu wa kupendeza. Picha yake ilimwonyesha amevaa suti, kitambulisho cha kampuni kikining'inia shingoni. Aliandika kwa adabu, akawasalimu kwa Kikamba, akawauliza habari za mvua huko Mwingi kwa wazee wao. Akina mama wakayeyuka. "Huyu ni mtu wetu," waliambiana, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza swali gumu.

Aliyebaki kununa alikuwa mwenyekiti wao, Susu Nthoki, nyanya yake Kamene. Mwethya ilikuwa na sheria moja ambayo Susu aliitunga siku ya kwanza: hakuna mtu atakayeshika pesa za chama kabla hajaketi nao na kula muthokoi wao. Fundi wa viti alikula. Mwenye nyumba ya mikutano alikula, tena akalalamika kwamba chumvi haitoshi. Bwana Musau alialikwa mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa safarini, mara ya pili alikuwa kwenye mkutano, na mara ya tatu tumbo lilimsumbua.

"Tumbo gani linaloogopa muthokoi?" Susu aliuliza.

Wenzake walicheka, wakasema siku hizi mambo yote ni ya simu, wakapiga kura na kumsamehe Bwana Musau ule mlo. Naye akawapa siku ya mwisho: pesa zifike kabla ya saa sita mchana, Jumamosi hii, kwa namba yake mwenyewe. Aliwaomba pia wasiwaambie majirani, maana nafasi zilikuwa chache.

Muthokoi ulipoiva, Mbithe alishika simu mkononi. "Mama, acha nitume sasa," alimwambia Susu Nthoki. "Tusije tukakosa."

Susu aliitazama sufuria, akaguna. Kamene naye aliitazama, akaona uchungu. Asubuhi nzima amechambua vijiwe, halafu mgeni haji tena! Na kwa kweli alitamani sana kumwona huyo mtu wa kwenye picha.

"Kama yeye hana nafasi ya kuja, si tumpelekee?" alisema. "Ofisi yao iko wazi mpaka mchana. Tusimwambie. Tumshtue."

Mbithe alifungua mdomo kukataa, lakini Susu alikuwa amekwishasimama kutafuta leso yake. "Mtoto amesema," alisema. "Sheria itatimizwa, na pesa utatuma ukiwa mbele yake. Kuna ubaya gani?"

Ubaya haukuonekana. Wakapakua muthokoi kwenye bakuli lenye mfuniko, wakalifunga kwa leso, wakapanda gari la kwenda mjini. Kamene alilipakata bakuli njia nzima. Akawa anapanga maneno ya kumwambia Bwana Musau: karibu, huu nimeuchambua mimi.

Ofisi za Nguzo zilikuwa na sakafu inayong'aa. Msichana wa mapokezi aliwasikiliza, akalitazama bakuli, akapiga simu ndani. Baada ya muda mlango ulifunguliwa. Alikuwa yeye! Suti ileile, uso uleule, hata kitambulisho kilekile shingoni.

Mbithe alishusha pumzi. "Nilikuambia, Mama," alimnong'oneza Susu. Kisha akamwendea yule mtu kwa tabasamu. "Bwana Musau, ni sisi. Mwethya, kutoka Umoja. Umekataa kuja, tumekuletea."

Bwana Musau alipokea bakuli kwa mikono miwili. Alionekana kuchanganyikiwa. "Asanteni sana, mama zangu. Lakini samahani, tunajuana?"

"Si wewe unayetuandikia kila siku?"

Kabla hajajibu, simu ya Mbithe ililia. Alisoma ujumbe, akamkabidhi Kamene simu kama kitu kilichomchoma. Kamene akasoma kwa sauti: "Mama Kamene, mbona mnachelewa? Ni mimi Musau. Tuma sasa hivi, nafasi inafungwa."

Wote walimtazama Bwana Musau. Alikuwa amesimama mbele yao, mikono yote miwili imeshika bakuli la muthokoi, na simu hakuwa nayo.

Mbithe aliketi kwenye kiti cha wageni, machozi yakamtoka. "Ilibaki kidogo tu nitume," alisema. "Akiba ya watu ya miaka mitatu, ilibaki kidogo tu nitume."

"Hujatuma, mama. Hilo ndilo kubwa," alisema Bwana Musau. Aliwakaribisha ofisini kwake, akawaeleza kwamba matapeli huchukua picha na majina ya wafanyakazi wa kampuni halali na kujifanya ndio wao. "Sisi hatupokei pesa kwa namba ya mtu binafsi. Wala hakuna anayeweza kuwaahidi faida ya mara mbili kwa mwezi. Mkiandikiwa hivyo, msiijibu namba iliyowaandikia. Tafuteni wenyewe namba ya ofisi au njooni mlangoni. Na mamlaka inayotoa leseni za uwekezaji ipo, iulizeni." Kisha akaichukua ile namba ili wapeleke taarifa kwa polisi.

Susu Nthoki alimsubiri amalize. "Sasa kula," alisema.

Akala. Hakuomba hata shilingi.

Walipofika nyumbani, Mbithe aliwaita wanachama wote akawaeleza, bila kuficha lolote. Kisha akawageukia Kamene na Filsan waliokuwa wamejibana mlangoni. "Sikilizeni nyinyi wawili. Nilimwamini kwa sababu alikuwa na jina la kwetu, akaniharakisha, akaniambia ninyamaze. Anayetaka pesa zenu kwa haraka na kwa siri, huku hataki muonane, muacheni. Waulizeni wengine kwanza. Kamene ameniambia Filsan aliuliza swali zuri asubuhi, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na akili ya kuliuliza."

Filsan alijifanya kutazama kucha zake, lakini alikuwa anacheka.

Jumamosi iliyofuata, fundi wa oveni alikuja kutoka Kariobangi. Alisema kwa pesa walizo nazo anaweza kuwatengenezea oveni ndogo, waanze nayo, na kubwa itakuja baadaye. Chumba kizima kilipiga makofi. Kamene alimpakulia muthokoi sahani ikajaa. Fundi alikula akamaliza, akaitazama sufuria kwa aibu kidogo, akauliza kama umebaki.

Susu Nthoki alimgeukia mweka hazina. "Huyu," alisema, "mpe pesa."