Picha Tatu za Ziada

Fundi aliacha picha arobaini kwenye kamera alipokwenda kula. Aliporudi, zilikuwa arobaini na tatu.

Mwingine asingejali, lakini mtengeneza filamu za vikaragosi anaishi kwa kuhesabu. Anasogeza mkono wa kikaragosi upana wa punje ya mchele, anapiga picha, anasogeza tena. Picha kumi na mbili zinampa sekunde moja ya uhai. Kwa ajili ya sekunde hiyo alikuwa ameziba madirisha kwa mapazia mazito, jua lisimharibie mwanga, na mchana kweupe chumba kilikuwa giza isipokuwa pale mezani.

Kikaragosi chenyewe kilikuwa bibi kizee: mifupa ya waya, nyama ya udongo laini, gauni lililokatwa kwenye shuka la mama yake, aliyefariki mwezi uliopita katika chumba cha pili. Hata sura ilikuwa ya mama. Watu walimsifu kwa hilo, naye akawa anainamisha macho.

Akazifungua zile tatu. Kikaragosi kilikuwa kimenyoosha mkono, mdomo wazi. Pembeni, mahali pasipokuwa na kitu, ulionekana mgongo wa mwanamume aliyeinamia kazi. Shati lilikuwa la fundi mwenyewe.

Akampigia simu dada yake. Alipofika, dada alisimama mlangoni akivuta pumzi.

"Mbona pananuka dawa ya kuchua? Ile ya mama."

"Nadhani humu kuna jini," fundi alinong'ona.

"Jini haliji hivi hivi, mdogo wangu. Umefanya nini?"

Msibani fundi aliwaambia wote kwamba mama alikata roho yeye akiwa amemshika mkono. Tangu siku hiyo dada alikuwa akimshukuru kila wanapoonana, na kila shukrani ilimchoma. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

Kamera ikalia. Hakuna aliyeigusa. Ikalia tena, na katikati ya mlio na mlio wakasikia waya zikijikunja ndani ya udongo, polepole, na harufu ya dawa ikazidi mpaka ikawashika kooni, na ule mkono mdogo ukawa unapanda, unasimama, unapanda, kila mara upana wa punje ya mchele.

"Sikumshika mkono," alisema. "Aliniita mara tatu, dada. Nilikuwa katikati ya kazi. Ukiiacha, udongo unalegea kwa joto la taa, sura inaharibika. Nikamwambia subiri kidogo, mama, nimalizie picha hii. Nilipokwenda, alikuwa ameshapoa."

Dada alichukua mkoba wake.

"Mimi usingizi nilikuwa naupata kwa sababu ya huo mkono," alisema bila kumtazama, akatoka.

Fundi alibaki na aibu yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwishowe akasogea mezani, akaweka kidole chake katika kiganja cha udongo.

"Nimekuja, mama. Nisamehe."

Vidole vikafumba. Vilikuwa na joto, na vilikaza. Akavuta, havikuachia. Akavuta kwa nguvu zake zote, na meza ikasogea pamoja naye.

"Subiri kidogo, mwanangu," sauti ya mama ikasema kutoka kile kinywa kidogo. "Nimalizie picha hii."

Kamera ikalia.